Jeneza la Kipimo cha Bi Futi

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Bi Futi, maana ile futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake hata akienda harusini. Akikutupia jicho tu, ameshakupima. "Umenenepa kiunoni wewe, usinidanganye."

Katika ukoo wetu, mtu akifa, bakuli la mchango lilibebwa na yeye. Walimchagua kwa ulimi wake mtamu. Alipita mlango kwa mlango, na watu wakatia walichonacho, na juu ya pesa wakatia maneno. "Kwani marehemu hakuwa na watoto?" "Miaka yote hiyo alikuwa anakula tu?" Shangazi alishukuru kila mmoja, akarudi nyumbani akalia. Siku moja aliniambia, "Maiti hasikii, mwanangu. Mimi ndiye ninayesikia. Langu mimi bakuli halitapita kwa mtu."

Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Wenzake wanataka nyumba.

Akashona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu, akamlipa seremala wa nyuma ya soko kidogo kidogo, akaletewa jeneza. Alilisimamisha chumba cha kushonea, akatundika pazia mbele. Wateja walidhani ni kabati, na kweli ndani alipanga vitambaa na dawa ya nondo.

Halikukaa sana. Baba yangu alianguka kazini, akafa. Kaka yao, Baba Mkubwa, mkono wa birika yule, akaja moja kwa moja mpaka chumbani, akafunua pazia. "Dada, wewe si bado mzima? Tutalirudisha." Hebu niambie, jeneza linarudishwaje? Lakini Shangazi angesema nini, na ndugu yake yuko mochwari anasubiri? Akatoa vitambaa, akapangusa vumbi. Baba akazikwa humo. Nililia kwa uchungu, na nikalia kwa aibu. Tangu siku hiyo Baba Mkubwa ukimgusia habari ya kulipa, mgongo unaanza kumuuma.

Shangazi hakugombana na mtu. Alijipima mwenyewe, kisigino mpaka utosini, bega kwa bega, akampelekea seremala vipimo bila ziada hata kidogo. Seremala akamwambia, "Mama, huwa tunaacha nafasi."

"Usiniachie nafasi. Nafasi ndiyo inayoleta wageni."

Alirudi nyumbani anacheka peke yake. Watu wazima wa ukoo wetu wote ni warefu kama nguzo za umeme. Yeye tu ndiye aliyerithi kimo cha bibi. Jeneza la pili lilipokuja alilitia bitana nyeupe kwa mkono wake, kisha akaligonga ubavuni. "Sasa waje. Waje wamkunje mtu wao waone."

Aliishi na mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyetangulia. Msichana wa darasa la sita, mdomo haufungiki, na akiitwa kuosha vyombo anajificha ndani ya jeneza. "Toka humo, si lako!" Shangazi anafoka huku mbavu hana kwa kicheko.

Homa ilimshika mtoto huyo wiki ya mitihani. Hospitali wakatuambia tumemchelewesha, utadhani tulikuwa matembezini. Tukarudi naye maiti.

Baba Mkubwa alikuja. Safari hii hakugusa pazia. Akakaa kwenye benchi, akasema kwa sauti ya chini, "Tupitishe bakuli, dada."

Shangazi aliinuka. Akavua futi shingoni, akaingia alikolazwa mtoto, nami nikamfuata. Akampima kisigino mpaka utosini, kama alivyompima kila mwaka kwa ajili ya sare. Akaisoma ile futi. Akaisoma tena, kisha akakaa sakafuni.

"Ni sawa na mimi," akasema. "Nimempimia mwenyewe, kwa mkono wangu."

Tulipomlaza ndani, hakukubakia nafasi, wala hakukupungua. Shangazi akamrekebishia kola. "Kaa, mama. Sasa ni lako."

Makaburini Baba Mkubwa akatoa hekima yake: jitihada haiondoi kudura. Nusura nimsukumie shimoni.

Baada ya hapo Shangazi aliifunika cherehani shuka. Nikamwambia nitamsaidia, tumlipe seremala tena pole pole. Akaniangalia kwa hofu. "Halafu likija, ataingia nani? Wewe?"

Sikulitaja tena, wala yeye. Alikufa wakati wa mvua, amekonda, na hakuwa na kitu.

Bakuli nililibeba mimi. Kwenye nyumba ya kona alitoka mama mmoja, amevaa gauni ambalo Shangazi ndiye aliyemshonea. Akatia sarafu yake. "Bi Futi? Si alikuwa na kazi nzuri yule? Kwani hakujiwekea?"

Nikamwambia ahsante, mama. Nikaenda kupiga hodi mlango wa pili.