Winga Mwenye Kilatini

Mimi Nunu, muuza vitenge Kariakoo, sina subira na winga asiyeleta wateja. Kazi ya winga ni kumvuta mgeni barabarani mpaka dukani, basi. Mektilda wiki tatu hajavuta hata paka. Nikamwambia, "Jumamosi ikipita hujaleta mtu, utafute duka lingine."

"Nitaleta, Bi Nunu. Wala usiwe na wasi."

Kujiamini huko! Aliishi kwa masista miaka sita, akaacha utawa, akatoka na Kilatini. Jamani, Kilatini Kariakoo! Mawinga wenzake walimcheka mpaka basi. Yeye huwajibu kwamba Kilatini hakikufa, kilizaa. Usiku ulikuwa *noctem*. Mfaransa akaukata ukawa *nuit*, Mreno *noite*, Mwitaliano *notte*. "Ni ndugu," anasema, "mmoja kahamia Upanga, mwingine Buguruni. Lafudhi zimeachana, sura ile ile." Nami namjibu ndugu hao hawanunui vitenge.

Jumamosi saa tano akapita mama mmoja wa Angola, yuko peke yake. Mawinga wakamvamia na vitenge vya harusi, huyu kwa Kiingereza, yule kwa Kifaransa. Mama anatikisa kichwa, anarudia tu, "Luto. Meu filho. Luto." Machozi yanamlenga, na wao wanazidi kumtandazia nguo za njano!

Mektilda akawapangua. Kireno hajawahi kukiongea, ila *filius* ni mtoto wa kiume na *luctus* ni maombolezo, maneno hayo kayasoma miaka sita. Akamshika yule mama mikono, akasema taratibu, "Filho... in pace," yaani kwa amani.

"Em paz," mama akajibu, akamwangukia begani akilia kwa sauti. Mawinga wakakunja vitenge vyao.

Akamleta dukani. Nilipotoa vitambaa vyeusi, Mektilda akaninong'oneza, "Bei ya dukani, Bi Nunu. Mfiwa hawekewi cha juu." Na hicho cha juu, nyongeza anayoiweka winga juu ya bei yangu, ndiyo riziki yake yote.

Mama alipoondoka nikamkazia macho. "Sasa leo umepata nini?"

"Niliahidi mteja, nimeleta mteja."

Nikamwambia Jumatatu aje saa moja, na ole wake achelewe. Kisha nikageukia rafu nijifute uso. Nilipomzika mwanangu Khalil walikuja watu tele, wote Kiswahili wanakijua, na hakuna aliyenishika mikono vile.