Sigara ya Umeme Niliyomuundia Baba

Baba yangu hajui kushika kitu kwa upole. Ni fundi mwashi, amejenga kuta tangu Dodoma ikiwa bado na viwanja vya kuchagua, na mikono yake imezoea tofali, nondo na mwiko. Mpe kikombe cha kaure, atakurudishia mkono wa kikombe peke yake. Simu nilizomnunulia zote ziliishia mezani kwangu zikiwa zimepasuka vioo, na kwa kuwa mimi ni fundi wa simu na redio, nazijua mpaka leo kwa nyufa zake.

Nayasema haya ili ieleweke nilijiingiza wapi siku niliyosema nitamuundia sigara ya umeme.

Sababu ilikuwa kifua cha mama. Mama ana pumu, na baba alivuta sigara tangu kabla sijazaliwa, sebuleni, chumbani, mpaka chooni. Daktari alimwambia mama wazi kwamba dawa hazitasaidia kitu kama nyumba ina moshi. Mama akamwambia baba kwa upole, akamwambia tena kwa ukali, kisha akaacha kusema. Alifunga begi akaenda Kibakwe kwa dada yake, mama yangu mkubwa, kule milimani ambako hewa ni ya baridi na shamba la maharage halikosi kazi. "Siku nyumba yangu ikiacha kunuka moshi, nitarudi," alisema akiwa mlangoni. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na kwa hasira kuliko huzuni, maana nilijua baba anampenda mke wake, na palepale mkono wake ulikuwa unapapasa mfuko wa shati kutafuta kiberiti.

Si kwamba hakujaribu. Alijaribu kuacha kwa mara moja, akawa mkali kiasi kwamba mafundi wenzake kwenye ujenzi kule Msalato walimchangia sigara ili wapate amani. Alijaribu karanga, akajaribu kutafuna vijiti. Mama akipigiwa simu na kuambiwa hayo alijibu, "Sikio la kufa halisikii dawa," kisha akauliza kama baba anakula vizuri.

Ndipo mteja mmoja akaniletea kifaa chake cha sigara ya umeme nikitengeneze, nikajifunza kilivyo ndani. Kuna betri, kuna kijiwaya kinachopata moto, kuna pamba iliyolowa majimaji, na mtu anavuta mvuke. Sikuamini kwamba ni kitu salama na siamini mpaka leo. Lakini majimaji yale huuzwa makali na hafifu, mpaka yale yasiyo na kilevi cha tumbaku hata chembe, nikaona hapo pana ngazi ya kumshusha mzee.

Nikaanza na vya dukani. Vilikuwa vizuri kwa macho, vyembamba, vinang'aa, vimetengenezwa kwa ajili ya vidole viwili vya mtu anayeshinda kwenye kiti. Cha kwanza kilikufa kwa vumbi la saruji lililoziba tundu la chaji. Cha pili kilidondoka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, kikatawanyika. Cha tatu alikikalia. Hata midomo ya plastiki aliitafuna, kwa sababu anapopanga tofali mikono yake yote miwili ina kazi na sigara hukaa menoni.

Na kila kifaa kilipokufa, jioni hiyohiyo baba alinunua pakiti. Hapo nikaelewa kwamba uimara ndio jambo lenyewe. Kama kifaa hakidumu, mama harudi.

Nikaacha duka, nikaunda changu. Mwili nilitaka uwe wa mpingo, na seremala jirani wa kibanda changu, Mrangi wa kutoka Busi, akanipatia kipande kilichokauka miaka mingi kwenye dari la nyumba yao. Tulikikata vipande vitatu, tukatoboa pole pole, tukapasua viwili kabla ya kimoja kukubali. Nilikifanya kinene, cha kujaza kiganja cha mwashi. Tundu la chaji nililifuta kabisa. Betri inatoka kama ya tochi na kuchajiwa nyumbani, mbali na saruji. Kitufe nikakizamisha ndani ya mti ili kisijibonyeze mfukoni. Mdomo nikauchonga kwa pembe ya ng'ombe, atafune mpaka achoke.

Kiangazi cha kwetu kinapasua hata mti mgumu, na hapo nilirudi kwa Wagogo wenzangu. Kwetu mpini wa shoka ukipata ufa hautupwi. Unavishwa ngozi mbichi ya mbuzi, inashonwa ikiwa imelowa, na ngozi ikikauka inabana mpaka ufa unasahau kwamba ni ufa. Nikakivisha kifaa ngozi hivyohivyo. Seremala alicheka akasema nimemvalisha mzungu kaniki.

Nilikosea mahali pamoja tu, kosa la mtu yeyote aliyekulia kwenye vumbi letu: nilikiziba. Sisi tunaziba kila kitu, madirisha, redio, mitungi, tunafunika hata sukari mara mbili. Nikakiziba kwa mpira na nta hata hewa isipite, na siku ya kwanza kikapata moto mfukoni mwa baba mpaka akakitupa kwenye mchanga. Betri ikichemka lazima iwe na pa kupumulia. Nikakifungua, nikatoboa tundu chini, linalotazama ardhini, nikaliwekea kipande cha chujio la chai kuzuia vumbi. Kuanzia hapo kilitulia.

Kilidondoka kutoka ghorofani, baba akakiokota, akakipuliza, akaendelea. Kiliingia kwenye ndoo ya zege. Kililala nje kwenye umande. Kila Jumapili nilikwenda nyumbani kwa wazazi nikabadilisha pamba, nikaleta majimaji hafifu zaidi ya yale ya wiki zilizopita, na baba hakununua tena pakiti. Nilikuwa na majivuno, sifichi. Watu walikuja kibandani kuomba niwaundie cha namna ile nikawakatalia, nikawaambia kile ni cha mtu mmoja. Mvua za mwanzo ziliponyesha, nilikuwa nimeshafika chini kabisa ya ngazi, majimaji matupu yenye harufu ya mnanaa. Mapazia ya sebuleni niliyafua kwa mkono wangu. Nikampigia mama, nikamwambia aje.

Alikuja. Alikaa sebuleni nusu ya siku, akafurahi, akasifu mapazia. Baada ya chakula baba akatoa kifaa, akavuta, chumba kikajaa wingu jeupe la mnanaa. Mama akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akashika ukuta, na dawa yake ya kuvuta nikaitafuta kwenye begi. Kesho yake asubuhi alirudi Kibakwe. Hakugombana na mtu. Tangu hapo baba akimpigia simu aliambiwa kuna maharage ya kuvuna, na yakivunwa yale, kuna mengine ya kupiga.

Nilimfuata. Nilimkuta uani kwa mama mkubwa anapepeta, nikamwamkia, akaniitikia bila kusimamisha ungo. Nikamweleza kwamba ule si moshi, ni mvuke, hauna tumbaku hata kidogo.

"Kifua changu hakijasoma," alisema. "Kinachonikohoza ni kimoja."

"Basi mwambie baba aache kabisa."

"Nimwambie nini tena? Ameacha tumbaku ya maisha yake yote kwa ajili yangu. Nimwambie na hiki bado? Sina uso huo, mwanangu." Alitua ungo. "Na hawezi kukiacha. Vya dukani vilikuwa vinakufa, angalau siku moja angechoka kununua vingine. Wewe umemuundia kisichokufa. Unamjua baba yako, amewahi kutupa kitu kizima?"

Hajawahi. Mwiko wake umelika mpaka umebaki wa kukorogea uji na bado anaujengea. Niliaga, na njia nzima ya kurudi Dodoma nilikuwa nimefura. Nilimkasirikia mama kwa kuikosoa kazi yangu, nikamkasirikia baba kwa kung'ang'ania mvuke ambao haumpi chochote, nikajipanga kufika na kusema yote.

Sikupita mlango wa mbele. Nilizunguka nyuma ya nyumba, kwa sababu mtu aliyejipanga kugombana hataki kukaribishwa. Uzio wetu ni wa mabati ya zamani, yana nafasi. Nikamwona baba amekaa kwenye kigoda, jua la alasiri mgongoni, anachekecha mchanga. Alimaliza chekeche moja, akaanza nyingine. Akapumzika, akanywa maji, akaimba kidogo. Kifaa kilikuwa juu ya tofali mbali naye, kimepata vumbi. Nilisimama pale muda mrefu. Hakukigusa.

Nikasema, "Hodi!"

Baba alishtuka. Akainuka haraka, akakifuata kifaa kwenye tofali, akakifuta kwenye suruali, akakipachika menoni. Alipovuta na wingu likatoka ndipo akajibu, "Karibu, mwanangu, pita."

Hasira yote ilinitoka nikabaki mtupu. Niliingia, nikamwamkia, nikakaa chini kwenye mchanga.

"Baba, nilikuwa hapo nje kitambo."

Akaniangalia. Akakitoa mdomoni.

"Umeacha tangu lini?"

"Hamu iliisha mvua zilipoanza," alisema. "Inaweza kupita wiki sijakishika."

"Sasa unakivuta cha nini?"

Alikigeuza kiganjani, akasugua mshono wa ngozi kwa kidole gumba. Baba si mtu wa maneno mengi, na nilimwona akiyatafuta. "Kila ukija unakitazama," alisema. "Hujaniamkia, umeshakitazama. Unakifungua, unakisafisha, unafurahi. Mama yako hayupo, Jumapili unakuja wewe tu. Nikasema, nikikiweka chini, huyu mtoto atakuja kufanya nini hapa?"

Nililia kama siku ile mama alipoondoka, ila safari hii sikuwa na wa kumkasirikia.

"Nitakuja kukusalimia wewe, baba," nilisema nilipoweza.

"Haya."

"Na mama hakai kule kwa maharage. Ni wingu la hiki kitu."

Mkono wake ulisimama. "Mbona hakusema?"

"Alikuonea huruma. Alisema umeshaacha vingi."

Baba alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akatikisa kichwa. "Watu watatu," alisema, "tunafichana wema." Kisha akanipa kifaa. Nikazungusha kifuniko, nikatoa betri, nikamwaga majimaji mchangani, nikachomoa pamba. Sijawahi kuunda kitu kizuri kama kile wala sitaunda tena, na sikusikia uchungu niliodhani ningeusikia.

Tulifungua milango na madirisha yote. Godoro tulilitoa juani, tukapiga deki, baba akapaka chokaa chumbani mwenyewe. Nilimpigia mama nikamwambia aje achunguze, sikuahidi kitu kingine.

Mama alikuja na begi moja dogo, la mtu anayeweza kugeuza siku hiyohiyo. Hakukaa alipokaribishwa. Alinusa mapazia, akanusa mito, akaingia chumbani akatoka. Baba alikuwa amesimama katikati ya sebule, ameoga mara mbili, mikono pembeni kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Mama akamwendea, akaweka pua kwenye shati lake, kifuani, pale palipokuwa pakikaa pakiti.

"Unanuka sabuni," alisema.

Mama hakuiondoa pua yake. Alibaki palepale, macho ameyafumba, anavuta pumzi na kuitoa, na baba alisimama bila kutikisika mpaka alipomaliza.