Magoti ya Andendekisye

Mwaka 1954 Andendekisye alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mzee wa kanisa, baba wa watoto saba. Hotelini, alikokuwa mkuu wa watumishi wa mezani, aliitwa boi. Hoteli ilikuwa ya Mzungu mmoja na mkewe, hapo Mbeya mjini, na watumishi wote sita walivaa kaptula nyeupe zilizokoma juu ya goti. Alizivaa miaka kumi na minne bila neno, kwa kuwa jioni alivaa suruali yake na kurudi nyumbani akiwa mtu.

Mwaka huo mwanawe Asukile akaoa, na mkewe, Atuganile, akapata kazi ya kufua mashuka hotelini hapo hapo. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake. Humkwepa hata njiani. Mchungaji alikuwa amelegeza kidogo: waamkiane, kwa mbali, macho chini. Magoti hakuyazungumzia. Sasa kila Andendekisye alipotoka jikoni na sinia, binti wa watu alikimbilia nyuma ya kamba za nguo, na mashuka yakachelewa.

Kaptula zilipochakaa, alimweleza memsahibu habari ya suruali. Hakutaja mkwe, alitaja baridi ya Juni. Memsahibu, aliyekuwa amevaa sweta mbili, alisema baridi anaijua, basi aende akachague kitambaa mwenyewe.

Akachagua kweli. Asubuhi nzima alimshughulisha Mhindi wa dukani, akivuta nyuzi, akisugua kwa kidole chenye mate ajue kama unene ni wa uzi au wa dondo, ule wanga wa kukazia kitambaa. Akatoka na khaki nzito. Fundi Yohane, aliyeshona barazani kwa Mhindi huyo, aliwapima watu sita, na kwa siku tatu Andendekisye alipita kutazama pindo kana kwamba anajenga nyumba.

Suruali zilipofika, memsahibu aliwapanga mstari na kuwatazama kuanzia chini.

"Mmekuwa makarani," alisema. "Wageni watajuaje nani wa kumwita?"

Zikatwe. Azipeleke yeye mwenyewe, kwa vile yeye ndiye aliyezichagua.

Jailos, mdogo wao kazini, alivua yake upesi. "Baba Asukile, usinitazame hivyo. Magoti yangu hayana mkwe." Wenzake wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakavua.

Kwa Yohane, Andendekisye alisimama akiusimamia mkasi. Ya kwanza ilikatwa, ya pili, mpaka ya tano. Fundi aliponyoosha mkono kuchukua ya sita, aliiona imeshikwa. Akauliza vile vipande kumi vya miguu avitupe wapi.

"Vifunge. Ni mali ya hoteli."

Mchana aliingia chumba cha kulia na sinia, amevaa suruali yake ya nyumbani. Akampelekea memsahibu, aliyekuwa akila na wageni wawili, akaiweka katikati, penye nafasi ya nyama: miguu kumi ya khaki imekunjwa vizuri, na juu yake suruali moja nzima.

"Hivi ni vilivyobaki, memsahibu, isije ikasemwa nimeiba. Na hii sikuikata. Ikateni wenyewe, mkipata wa kuingia ndani yake."

Mgeni mmoja aliuliza kama bado kuna viazi. Memsahibu alimwita Jailos, na Jailos akaja, magoti nje, akaiondoa ile sinia.

Andendekisye alitoka kwa mlango wa mbele, ambao hakuwahi kuupita. Njiani alimtukana memsahibu, kisha Mhindi, kisha mchungaji, ambaye hakuwa na kosa. Alitazama nyuma mara moja. Hakuna aliyemfuata. Wala hakuwa amewaambia wamfuate, na angewaambia nini, watu ambao suruali zao alizisimamia mwenyewe zikikatwa? Hapo hasira ilimpanda upya, na safari hii haikuwa na memsahibu wa kubebeshwa.