Freti Nilizozimaliza kwa Tupa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala msumeno. Fundi Mkuu wa karakana ya Mtongwe alinipa ubao wa mvule, akaniambia nifumbe macho, niupapase, kisha nimwonyeshe mahali palipoinuka. Nikaupapasa. Nikaona pameinuka hapa, halafu nikaona si hapa, ni pale, halafu nikarudi mwanzo. Ilipoadhiniwa adhuhuri nilikuwa bado juu ya ubao uleule. Akauchukua mikononi mwangu bila hasira.

"Ubao umeshasema, Salimu," akaniambia. "Wewe ndiye bado wauliza."

"Nataka niwe na hakika, mwalimu."

"Wataka hakika ya nini? Hili ni kasha la nguo. Tafuta kiasi, ukishakipata, nyanyua mkono."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Neno hilo la kunyanyua mkono nililielewa baada ya miaka mitano, tena kwa aibu. Nalieleza hapa kwa ajili yenu vijana mnaotengeneza magitaa leo, mkiwa na vipimo vya kila aina mezani, ili mjue kosa kubwa la kazi hii halifanywi na mvivu.

Karakana yetu ilitengeneza milango na makasha yaliyopambwa kwa shaba. Vikundi vya taarabu vya Likoni na Kisauni pia vilikuwa vikimletea Fundi Mkuu udi zao zilizopasuka, lakini yeye hakuwa na subira na nyuzi, kwa hiyo akaniachia mimi. Hakuna aliyenifundisha ala za muziki. Nilijifunza kwa kulifungua gitaa langu mwenyewe, kulifunga, na kulifungua tena kwa sababu sikuridhika na nilivyolifunga. Usingizi ulikuwa ukinipotea kwa ajili ya skrubu moja. Sisemi haya kwa kujisifu. Ilikuwa karibu na ugonjwa.

Baada ya miaka miwili nikapata kazi katika hoteli moja ya Shelly Beach iliyokuwa na bendi yake. Meneja alinipa chumba kidogo nyuma ya jiko na cheo kirefu cha Mtunza Ala. Aliyekuwa juu yangu hasa ni Kiongozi wa Bendi, mpiga saksafoni mrefu aliyevaa tai hata kwenye mazoezi ya asubuhi. Wakati huo bendi zilikuwa zikiliacha besi la zamani la kusimama, kubwa kama kabati, na kununua gitaa la besi la umeme. Letu lilikuwa la bei rahisi, jekundu, zito upande wa kichwa, nami nilikabidhiwa kama mtu anavyokabidhiwa mtoto mchanga.

Aliyelipiga ni Bakari, jirani yangu wa Mtongwe, wa ukoo wa watu wa dini. Kabla ya hapo alikuwa mpiga udi wa taarabu. Alipokwenda hotelini kupigia watu wanaocheza dansi, wazee wa nyumbani kwao walimnunia, na kikundi chake kikampa udi yake mtu mwingine. Kwa hiyo kiti chake katika ile bendi kilikuwa ndicho pekee alichobaki nacho. Mliweke hilo akilini.

Sasa niwaeleze freti. Shingo ya udi ni tupu, na mpigaji huitafuta sauti kwa kidole na sikio. Shingo ya gitaa imekatizwa na vyuma vyembamba, na vyuma hivyo ndivyo freti. Ukibana uzi nyuma kidogo ya freti, uzi hulala juu ya chuma, na sauti hukatwa hapo kwenye chuma. Freti nene iliyosimama juu ina nyama ya kutosha: hata ikilika, utaisawazisha mara nne au tano kabla ya kuibadilisha. Freti nyembamba iliyo fupi hupendeza kidoleni, lakini ikilika kidogo tu umeshafika mbaoni. Magitaa ya besi ya bei rahisi yaliyopita mikononi mwangu miaka ile yote yalikuwa na hizo fupi, tena za chuma laini.

Na uzi wa besi si uzi wa gitaa dogo. Ni mnene kama kamba ya viatu, umevikwa chuma, na kwa chumvi ya upepo wetu hushika kutu upesi. Ukisuguliwa juu ya freti laini, huchimba mfuo. Bakari naye alikuwa na mkono wa udi. Kidole hakukiweka nyuma ya freti kama inavyotakiwa. Alikiweka juu ya chuma chenyewe, mahali ambapo kwenye udi sauti ingekuwa, kisha akautikisa uzi kushoto na kulia ili sauti ilie. Ilikuwa tamu kuisikia. Kila alipoiliza hivyo, freti ilikuwa ikisagika.

Mwezi wa tatu nikasikia mlio. Ulikuwa mdogo, kama nyuki ndani ya chupa, kwenye freti ya pili. Kiongozi hakuusikia. Bakari aliusikia akacheka.

"Lina mafua hili," akasema. "Liache, litapona."

Sikuliacha. Nilikata kipande cha kioo cha dirisha, nikakibandika msasa, nikapaka wino juu ya freti zote ili nione chuma kinapoguswa, nikasugua mpaka wino ukaisha sawasawa kuanzia kichwani hadi mwilini. Kisha nikachukua tupa ndogo nikairudishia kila freti mgongo wake wa mviringo, kwa kuwa freti ikiwa bapa sauti hupotea njia. Nikapima nafasi chini ya uzi kwa wembe. Mlio ukanyamaza, nami nilijiona fundi wa mafundi.

Kosa lenyewe ni hili. Freti moja ikilika, mtu mwenye kiasi huibadilisha hiyo moja. Mimi nilizishusha zote zilingane na ile iliyolika, kwa sababu macho yangu hayakuvumilia kuona moja iko tofauti. Wiki chache baadaye mfuo mwingine ulitokea, nami nikazishusha zote tena. Jumamosi asubuhi ikawa siku ya tupa. Mara nyingine hapakuwa na mlio wowote. Nilikuwa nikiusikia mimi peke yangu, kichwani. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Vumbi la chuma nililipangusa kwa kitambaa nikakikung'uta dirishani, bila kujiuliza lilikuwa likitoka wapi.

Ulipokaribia uhuru, besi lilikuwa halisemi. Bakari alipobana, kidole chake kilikuwa kikigusa mbao kabla uzi haujakaa vizuri kwenye chuma. Sauti zilikuwa zikifia shingoni. Alibana kwa nguvu zaidi, zikazidi kufa. Aliacha kuutikisa uzi. Kwenye mazoezi nilimwona akiipangusa mikono kwenye suruali, na wakati wa mapumziko alikuwa akikaa peke yake.

Asubuhi moja Kiongozi wa Bendi aliingia chumbani kwangu akafunga mlango.

"Salimu, wewe na Bakari ni majirani. Sema naye taratibu. Mkono umemchoka. Dansi ya uhuru wanakuja watu wakubwa, nami siwezi kuwa na besi linalokoroma. Nimemwandikia mpigaji mmoja wa Nairobi."

Nilikuwa nimeishika tupa mkononi alipoyasema hayo. Nikasema, "Naam, bwana," akatoka. Hilo "naam" ndilo jambo baya kuliko yote niliyoyafanya katika kazi yangu. Nilijua. Sikuwa nimekiri hata kwa nafsi yangu, lakini nilijua, kwa sababu kitu cha kwanza nilichokifanya alipotoka ni kuificha tupa chini ya godoro la kuegemezea magitaa.

Siku mbili nilikaa na jambo hilo. Ya tatu nililifunga besi katika shuka nikalichukua mpaka Mtongwe kwa Fundi Mkuu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku macho yake yako kwenye shuka. Akalifunua, akafumba macho, akapitisha kidole gumba shingoni mara moja tu.

"Nani amezila hizi?"

"Zimelika kwa kupigwa, mwalimu. Chuma chake ni laini, na Bakari ana mkono wa udi."

"Nimeuliza nani."

Nikasema, "Ni mimi."

"Bakari atakula hapa na hapa," akasema, akigusa freti za karibu na kichwa. "Huku chini Bakari hafiki hata akisukumwa. Mbona nako kumekwisha?"

Nikamweleza yote, pamoja na barua iliyokwenda Nairobi. Aliendelea kulipapasa besi kama anayempapasa mgonjwa.

"Freti mpya zapatikana?"

"Labda ziagizwe ng'ambo. Hazitafika kwa wakati."

Akainuka, akaenda kwenye pembe alikoweka mabamba ya shaba ya kupambia makasha. "Shaba kama hii imekaa kwenye kasha la mamangu tangu sijazaliwa na watu wakalifungua na kulifunga. Itashindwa na uzi?"

Kazi hiyo tuliifanya siku mbili. Tuling'oa freti saba za kwanza, zile anazozitumia mpigaji wa besi kuliko zote. Tukazipanua nafasi zake mbaoni kwa msumeno mwembamba, yeye akishika, mimi nikikata polepole, kwa sababu ukikata vibaya hapo shingo imekwisha. Tukakata vipande vya shaba, tukavisimamisha kwa ubavu ndani ya nafasi, tukavitia gundi na kuvigonga kwa nyundo ya mbao. Freti za namna hiyo, vipande vilivyosimama tu visivyo na mguu mwembamba wa kuzama mbaoni, ndizo za kizamani kabisa. Zilisimama juu, zikang'aa kama meno ya dhahabu.

Nikazisawazisha. Zikakaa, isipokuwa ya tatu, iliyoinuka unywele mmoja. Ukibana ya pili, ya tatu ilikuwa ikitoa mlio mdogo sana. Nikaichukua tupa. Fundi Mkuu akaweka mkono wake mzima juu ya shingo ya gitaa.

"Nyanyua mkono."

"Ni kidogo tu, mwalimu. Mara mbili tu."

"Uzi wenyewe utaisawazisha. Acha Bakari aifanye kwa kupiga. Na huko kazini utasema mwenyewe, simtumi mtu."

Asubuhi iliyofuata bendi nzima ilikuwa ukumbini. Niliziweka freti kuukuu juu ya meza, mbele ya Kiongozi, Bakari akiwa karibu. Zilikuwa nyembamba kama kucha zilizokatwa.

"Bwana, mkono wa Bakari hauna kitu," nikasema. "Ni tupa yangu. Kila Jumamosi, miaka mitatu, hata besi lilipokuwa zima. Uliponiambia habari ya mpigaji wa Nairobi nilijua, nikanyamaza."

Kiongozi alizigeuza kwa ncha ya kalamu. Mpiga ngoma alikohoa. Bakari aliokota moja akaitazama kwenye mwanga.

"Nami nilikwenda kwa mganga wa mikono," akasema taratibu. "Kanipaka mafuta ya nyonyo mpaka kwenye kwapa. Mke wangu alikataa kukaa nami chumba kimoja kwa harufu." Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. "Nilidhani nimezeeka, yakhe. Miezi minne nimedhani nimezeeka."

Nikamwomba radhi. Alilichukua besi akalichomeka, akapiga polepole kutoka chini kwenda juu. Sauti ilitoka nene, imesimama, ikafika mpaka kwenye mapazia. Alipobana freti ya pili, ule mlio ukatoka. Kiongozi akageuza kichwa.

"Bado lina kitu."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe mfukoni, kwenye tupa. Bakari aliuona.

"Mlio huo ni wangu," akasema, akautikisa uzi mpaka ukalia kama udi. "Asiuguse mtu."

Akapiga wimbo mzima, Kiongozi akisikiliza. Kisha Kiongozi alininyooshea mkono. "Nipe tupa. Kuanzia leo inakaa kwangu. Ukiitaka, utakuja kunieleza ni freti gani na kwa nini, na Bakari akiwepo." Jioni ile akaandika barua nyingine kwenda Nairobi, yule mpigaji asije. Dansi ya uhuru Bakari aliipiga mwanzo mpaka mwisho, nami nilikaa nyuma ya pazia na mikono yangu chini ya mapaja.

Nilifanya kazi hii miaka mingine mingi, pale hotelini na baadaye katika karakana yangu ya Shika Adabu, na naweza kusema bila kusita kwamba nikawa fundi mzuri. Kanuni ya Kiongozi sikuiacha hata nilipokuwa sina mkubwa. Kabla ya kugusa freti humwita mwenye ala, nikamwambia kwa kinywa ni ipi na kwa nini. Mara nyingi nikishaanza kusema, naona hakuna sababu, nikamrudishia gitaa lake kama lilivyokuja. Wengine walidhani nimekuwa mvivu.

Bakari alinisamehe baada ya muda mrefu, na hakuwahi kusema kwamba amenisamehe. Alianza tu kunipitia tena tukienda kazini. Mwaka mmoja hivi baada ya uhuru aliniletea besi nibadilishe nyuzi. Nilipomaliza nikabana freti ya pili ili nisikilize. Palikuwa kimya. Shaba ya tatu ilikuwa imeshuka yenyewe, unywele mmoja, chini ya kidole chake.

Nikamuuliza mlio umekwisha lini. Akasema hajui, alidhani mimi najua. Nami sikujua. Nilikuwa nimesahau kuusikiliza.