Nilitaka Zamu, Si Msaada

Watu wakiniuliza uchovu wangu ukoje, huwa nakasirika kabla sijajibu, kwa sababu najua neno litakalofuata: "Hata mimi nimechoka." Wewe umechoka, dada, na ukilala utaamka mzima. Mimi naamka nimechoka. Kuna asubuhi naketi kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikikitazama kile cha pili kana kwamba kiko Nairobi.

Daktari wa mjini Kisii alinieleza vizuri, na nampenda kwa hilo. Ugonjwa wenyewe unaitwa maltipo sklerosisi, lakini sisi tunaoishi nao tunasema MS tu. Alisema neva ni kama nyaya za umeme, na kinga ya mwili wangu imekosea adui ikaanza kula mpira unaozifunika. Agizo linatoka kichwani kwenda mguuni na kupotea njiani, basi mwili unatumia nguvu nyingi kwa kazi ndogo. Halafu akaongeza kwamba joto huuzidisha uchovu huo. Hilo nililisikia kwa sikio moja, likatokea la pili.

Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye egesangio.

Huku kwetu Kenyenya, egesangio ni kundi la wanawake wanaofanyiana kazi za shamba kwa zamu. Leo tunachuma majani chai kwako, keshokutwa kwangu, halafu kwa yule wa ng'ambo ya mto. Hakuna mshahara. Ukiinamisha mgongo wako kwa wenzako, nao watainamisha yao kwako. Niliingia mwaka nilioolewa, na ndilo kundi lililonifanya niwe mtu katika kijiji hiki. Kabla ya hapo nilikuwa tu yule msichana aliyetoka Nyamira. Asiyefanya kazi hana zamu, na mimi nilikuwa nimeanza kuishia katikati ya mstari, kikapu kitupu mgongoni, miguu imegoma.

Wenzangu si watu wabaya. Walimwona mwanamke mnene, mashavu yanang'aa, anaketi chini saa tatu asubuhi, wakakata shauri kwamba baridi imeniingia mifupani. Basi wakanitibu kwa joto! Walinivisha sweta juu ya sweta, wakanifunga shuka kiunoni, wakaninywesha uji wa wimbi ungali unatoa moshi. Wakanipa mstari wa upande wa jua, ule ambao kila mtu huugombania asubuhi za ukungu. Nyumbani mama mkwe alinikalisha jikoni karibu na moto, na kila nilipojaribu kuinuka nikashindwa, akaongeza kuni. Yote hayo kwa upendo mtupu. Nami niliyeambiwa na daktari nilikunywa uji na kushukuru, maana ukikaa kati ya wanawake wengi wenye uhakika, hata wewe unakuwa na uhakika.

Jumapili moja mwenyekiti wetu alikuja nyumbani. Ni jirani wa umri wa mama yangu, na sauti yake husikika hadi bonde la pili. Alikataa chai, nikajua jambo ni zito.

"Mke wetu," alisema, "tumeongea sisi wote. Wewe upumzike. Tutakuwa tunakuja kukuchumia tu, hata bila zamu. Ni msaada."

Nilihisi nimezikwa. Hivyo ndivyo tunavyowafanyia wafiwa: tunakwenda kuwachumia majani yasizeeke wakati wao wako kwenye matanga. Sasa matanga yalikuwa yangu, na mimi nimeketi palepale nikisikiliza.

"Mama, mimi sijafa," nikafoka. "Sitaki msaada. Nataka zamu."

"Na utafanya kazi na mguu gani?"

Alipoondoka nililia, na kilio kilikuwa cha hasira zaidi kuliko huzuni.

Jibu lililetwa na ng'ombe. Asubuhi moja ya mvua alikata kamba akaingia kwenye mahindi ya jirani, nami nikatoka mbio bila sweta, bila shuka, bila kitu. Nilimfukuza hadi barabarani, nikamrudisha, nikamfunga. Nilikuwa nimelowa chapachapa, meno yanagongana. Ndipo nikagundua kwamba nimesimama. Nimesimama! Na bado nina nguvu za kumtukana ng'ombe! Maneno ya daktari yakanirudia yote kwa pamoja.

"Ni joto!" nikapiga kelele hadi mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama, ni joto!"

"Yaya, hapana," alisema kwa woga. "Ingia ndani, baridi itakuua."

Tangu siku hiyo sikushikika. Nililoweka leso kwenye maji ya chemchemi nikaivaa shingoni. Nikanywa uji uliolala, mama mkwe akageuza uso asinione. Alfajiri, ukungu ukiwa mzito, nilijaribu michai yangu michache nyuma ya nyumba, na vidole vikanitii. Sikupona, nisije nikadanganya mtu. Jua likipanda nguvu zilikatika zote, nami nikalala hadi jioni. Lakini nilikuwa nimepata asubuhi yangu, na furaha ilinijaa hadi nikawa naongea peke yangu.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Nikamwomba mstari wa kivulini, nianze kabla yao, niondoke jua likitoka.

"Na hiyo nayo ni zamu?" akauliza.

"Nitamaliza mstari mzima."

Aliitazama leso inayochuruzika shingoni mwangu. "Kuja Jumanne tuone."

Jumanne nilikuwa shambani kwake jogoo wakiwika. Umande ulinilowesha hadi kiunoni nami nikaushangilia. Nilichuma kwa kupapasa gizani: majani mawili na chipukizi, tupa kikapuni. Majani mawili na chipukizi. Wenzangu walipofika wakiwa wamejikunyata ndani ya makoti yao, mimi nilikuwa naimba. Nilifika mwisho wa mstari jua linagusa migomba, nikatua kikapu, nikarudi nyumbani nikijishikiza kwenye ua wa kando ya njia.

Nililala kitandani mchana kutwa. Mkono ulikuwa mzito kama si wangu. Alasiri nikasikia hodi, mwenyekiti akasimama mlangoni pa chumba changu, nami nikajiandaa kuhurumiwa.

"Ile laini ya kwanza ni wewe umechuma?"

"Ni mimi, mama."

"Umechuma kama mbuzi! Majani makubwa umeweka kwa kikapu, chipukizi umeacha kwa mti. Karani wa kituo cha majani ametuchambulia mbele ya watu mpaka tukaaibika."

Nikangoja aseme pole, aseme lakini wewe ni mgonjwa. Hakusema.

"Alhamisi tuko kwako," aliendelea. "Na uchume vizuri, ama nitakurudisha mwanzo wa laini."

Akaondoka akinung'unika. Sikuweza hata kuinua mkono kumuaga. Nilibaki chali nikicheka, machozi yakinitiririkia masikioni, kwa sababu tangu niugue hakuna mtu aliyekuwa amethubutu kunigombeza.