Kiungo Kisichofunguka

Mkutubi wa chuo chetu hahifadhi kiungo chochote cha mtandaoni katika orodha ya maktaba kabla ya kusoma ukurasa wote. Huishusha miwani puani, midomo ikicheza, kisha huandika kando maelezo mafupi ya kutusaidia katika utafiti.

“Msivirundike tu kama nguo chafu, wanangu,” hututania.

Kila Jumatatu hufuta viungo vilivyokufa. Juzi nilipomsaidia, nilikuta kimoja cha magonjwa ya mahindi hakifunguki.

“Mama, nikifute?”

Kiganja chake kikafunika kipanya haraka. “Hicho kiache. Alikiweka baba yenu.”

Kando ya kiungo hicho, marehemu mumewe, aliyekuwa mkutubi mwenzake, alikuwa ameandika: “Anzeni hapa, msiogope.”

Akakibofya mwenyewe. Kioo cha kompyuta kikabaki cheupe. Akasubiri, akabofya tena.

“Labda ni mtandao tu leo,” akasema.