Kimo cha Wajukuu

Juzi, nikingojea kiti changu kwa fundi seremala wa Kashai, aliingia mzee kutoka kijijini Izigo. Alitaka bembea ya mbao yenye ngazi, ya kuweka nyuma ya nyumba kwa ajili ya wajukuu.

"Tata, mzee wangu, wana kimo gani?" fundi akauliza.

Mzee akaweka kiganja usawa wa kiuno, akakipandisha hadi kifuani, akasita, akakishusha.

"Sijui. Mama yao aliondoka nao tulipomzika mwanangu."

"Watarudi lini?"

"Hajasema. Wewe itengeneze imara. Wakija wamekuwa wakubwa, watakaa tu."

Fundi akaandika kipimo cha mtu mzima.

Sisi tulio mjini huwatumia wazee sukari na sabuni, tukajiona tumemaliza. Kumbe wengine wangetosheka kuambiwa mjukuu amefikia kimo gani.